Kitenzi 'borrow' na deni la Muislamu

KATIKA shule zetu za sekondari, kuanzia hizi za Moshi mjini hadi zile za juu Kibosho, Machame na Marangu, kuna sentensi moja ya Kiingereza ambayo kila mwalimu ameisikia hadi amechoka kuisikia. Mwanafunzi amesahau kalamu, anamgeukia mwenzake na kumwambia: "Borrow me your pen." Mwenzake anampa. Mwalimu wa Kiingereza akiwa karibu atamsahihisha, "Sema 'lend me'," na mwanafunzi ataitikia, kisha kesho yake atarudia vile vile.

Mimi si mwalimu wa Kiingereza. Nafundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu, somo ambalo kidato cha kwanza hadi cha nne hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiswahili. Lakini kila tunapofika kwenye mlango wa muamalat, yaani biashara, madeni, rehani na dhamana, huwa najikuta nafundisha kitenzi hiki cha Kiingereza bila kupenda. Sababu ni kwamba vijana wetu wanasoma fiqhi ya deni kwa Kiswahili, halafu mikataba ya deni wanakuja kuisaini kwa Kiingereza. Baina ya lugha hizi mbili kuna shimo, na wengi wameshatumbukia humo wakiwa na vyeti vyao mkononi.

Ndugu msomaji, tuanze na kosa lenyewe, kwa sababu kosa hili halitokani na uvivu wa mwanafunzi. Linatokana na lugha yake. Katika Kiswahili kitenzi "kuazima" kinakwenda pande zote mbili. Anayetoa anaazima na anayepokea anaazima. "Niazime baiskeli yako" maana yake nipe niitumie. "Nimeazima baiskeli kwa Juma" maana yake nimechukua kwake. Wapo wanaosema "kuazimisha" kwa upande wa mtoaji, na mimi sioni kosa, lakini mtaani Pasua au Njoro utasikia "niazime" mara mia kabla hujaisikia hiyo nyingine. Kwa hiyo mwanafunzi akishaambiwa kwamba "borrow" ni kuazima, anaichukua "niazime kalamu" na kuipanga neno kwa neno, na "borrow me your pen" inazaliwa. Mantiki yake haina kasoro. Hata Mjerumani, aliyeutawala mji huu hadi mwaka 1916, vitenzi vyake viwili vya jambo hili, "leihen" na "borgen", kila kimoja kinafaa kwa anayetoa na kwa anayepokea. Angemwelewa mtoto wetu bila taabu.

Mwingereza yeye anauliza jambo moja tu: kitu kinaelekea wapi? Kikija kwako, wewe unafanya "borrow". Kikitoka kwako, wewe unafanya "lend". Ndiyo maana "borrow" hufuatwa na "from", kutoka kwa fulani, na "lend" hufuatwa na "to", kwenda kwa fulani. "I borrowed a book from Juma. Juma lent a book to me." Wakati uliopita wa "lend" ni "lent", na wa "borrow" ni "borrowed". Mwanafunzi akiona maneno haya kama mshale, kuja na kutoka, hatakosea tena. Niongeze dogo ambalo vitabu vya shule hulipita: Mwingereza hafanyi "borrow" kwa kitu kisichoweza kuondoka na wewe. Huwezi kumwambia mwenyeji wako "can I borrow your toilet", maana atajiuliza utakibeba vipi choo chake. Hapo husema "use".

Hadi hapa ni sarufi, na mwalimu wa Kiingereza ataimaliza vizuri kuliko mimi. Lakini lipo jambo ambalo yeye hana sababu ya kulifundisha, nalo ndilo lililonifanya niandike.

Kiingereza kimetenganisha pande, lakini hakikutenganisha aina. Mtu aliyechukua mwavuli wa jirani na mtu aliyechukua shilingi milioni mbili benki, wote Kiingereza kinasema "borrowed". Hata aliyechukua kikombe cha sukari, ambayo itanywewa na chai na hairudi ng'o, kwa Kiingereza ni "borrow" vile vile. Jina lake pia ni moja. Kitabu cha maktaba ni "loan" na fedha ya benki ni "loan". Kiswahili chetu, pamoja na kuchanganya pande katika kuazima, kimetenganisha kitu kikubwa zaidi. Kuna kuazima na kuna kukopa. Unachoazima unakirudisha chenyewe. Unachokopa unakitumia kikaisha, kisha unarudisha mfano wake.

Wazee wetu hawakuandika tofauti hii katika kitabu cha sarufi, lakini wameihifadhi katika methali. Wanasema kukopa harusi, kulipa matanga. Na wanasema nguo ya kuazima haisitiri (neno linalofuata mnalijua). Hakuna anayesema nguo ya kukopa. Nguo itavuliwa na kurudishwa ile ile kwa mwenyewe, ndiyo maana aibu inakuja. Fedha ya kukopa imeshaliwa, ndiyo maana inayobaki ni matanga.

Sasa mwanafunzi wa fiqhi atazame, hii ni 'ariya na qardh mbele ya macho yake. 'Ariya ni kumpa mtu kitu akitumie bure na kukirudisha chenyewe. Qardh, ambayo Kiswahili kimeihifadhi kwa jina la karadha, ni kumpa mtu mali ili aitumie na arudishe mfano wake. Kiarabu ndicho kimekamilika kuliko zote. Kina a'ara kwa mwenye kuazima mtu na ista'ara kwa mwenye kuazima kwa mtu, kina aqradha kwa anayekopesha na iqtaradha kwa anayekopa. Vitenzi vinne, kila mmoja na kazi yake. Kiswahili kina vitatu: kukopa, kukopesha na kuazima. Kiingereza, lugha ya mikataba yetu, kina viwili tu, na hivyo viwili havikujali kama kitu kitarudi chenyewe au la.

Je, tofauti hii ina kazi gani mbali na darasani? Chukua mfano wa kitu kilichoharibika. Umeazima ngazi ya jirani upakie paa, ngazi ikavunjika. Au msikiti una masufuria makubwa, mmoja wetu akayaazima kwa ajili ya walima, moja likapasuka. Kwa Imamu Shafi, ambaye wengi wetu Afrika Mashariki tunamfuata, mwenye kuazima anawajibika kukilipa kitu kikiharibika, isipokuwa kile kilichochakaa kwa matumizi yale yale aliyoruhusiwa. Kwa Imamu Abu Hanifa kitu hicho ni amana, halipi mpaka awe amezembea au amevuka mipaka. Dalili mojawapo ya kauli ya kwanza ni kisa cha Safwan bin Umayya, ambaye Mtume (S.A.W.) alichukua kwake deraya kwa ajili ya vita vya Hunayn. Safwan aliuliza kama ananyang'anywa, akajibiwa kuwa ni 'ariya yenye dhamana. Zingatia kwamba Safwan wakati ule alikuwa bado hajasilimu, na haki yake ililindwa kwa neno moja tu lililotamkwa waziwazi.

Kwa upande wa karadha hukumu ni nyepesi kueleweka na ngumu kutekelezwa. Fedha uliyokopa ikiibiwa njiani Kiboriloni kabla hujafika nyumbani, deni liko pale pale, kwa sababu fedha ile ilishakuwa mali yako tangu ulipoipokea. Ndiyo maana kuazima nguo kuna aibu lakini kukopa fedha kuna hatari. Na ndiyo maana pia riba inaingia hapa. Mwenye kitu anaweza kukikodisha akachukua malipo ya matumizi, kwa sababu kitu kipo na kitarudi, na kikipata ajali bila kosa la mpangaji hasara ni yake. Lakini fedha haikodishwi. Ukimpa mtu laki moja ukamshurutisha arudishe laki na kumi, ile kumi umeiuza badala ya nini? Mafakihi wameweka kanuni kuwa kila karadha iliyoshurutishiwa manufaa kwa mkopeshaji ni riba.

Mtaani utasikia mtu anasema "niazime elfu kumi, Ijumaa nakurudishia". Huyu hasemi uongo, anapunguza uzito. Kuazima kunasikika kwa muda mfupi, kwa kirafiki, bila maandishi. Lakini wanazuoni walishaliona hili zamani, wakasema mtu akiazima dirhamu kwa lafudhi ya 'ariya, hukumu yake ni karadha, maana dirhamu haitumiki mpaka itoke mkononi. Kwa hiyo ndugu yangu wa "niazime elfu kumi", umekopa.

Ng'ombe wa mlimani

Nikifundisha jambo hili kwa vijana wa vijijini huwa natumia ng'ombe, na mlima wetu umejaa mifano. Zamani Mchagga mwenye ng'ombe wengi kuliko kihamba chake kinavyoweza kuwalisha alikuwa akimpa mwenzake mmoja au wawili awafuge. Mfugaji alipata maziwa, na samadi kwa ajili ya migomba, lakini ng'ombe alibaki kuwa wa mwenyewe. Sehemu ile ya maziwa inakaribiana sana na kile ambacho hadithi zinakiita maniha, kumpa mtu mnyama akamue kisha amrudishe, jambo ambalo Mtume (S.A.W.) amelisifu. (Kugawana ndama ni mapatano mengine, yana masharti yake.) Kwa Kiswahili chetu huyu mtu ameazima. Hakukopa.

Kisha ikaja miradi ya ng'ombe wa maziwa, yenye ile kaulimbiu inayojulikana nchi nzima: kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Unapewa mtamba mwenye mimba, unamtunza, akizaa jike unampeleka kwa mkulima mwingine. Mwanafunzi mmoja wa kike aliniuliza swali zuri: "Ustadh, hii ni karadha? Mbona anayelipwa siye aliyenikopesha?" Niliomba tutazame Kiingereza chake. Shirika la Heifer la Marekani, ambalo limeutangaza sana mtindo huu duniani, kwa Kiingereza halisemi "borrow" hata kidogo. Linasema "passing on the gift", kuipitisha zawadi. Na miradi mingine hapa nchini imeuita mtindo huo kwa Kiingereza "heifer in trust", mtamba wa amana. Tazama mambo haya. Ng'ombe ni yule yule, na Kiswahili kimesema ni mkopo, Kiingereza kimoja kimesema ni zawadi, kingine kimesema ni amana. Katika fiqhi hayo ni matatu tofauti: karadha, hiba na wadia. Ng'ombe akifa mikononi mwako kwa ugonjwa, je, unadaiwa? Kama ni mkopo unadaiwa. Kama ni zawadi hudaiwi. Kama ni amana na hukuzembea, hudaiwi. Mimi naona inakaribia zaidi zawadi yenye sharti, lakini nilimwambia yule binti kwamba jibu halitoki katika kaulimbiu, linatoka katika karatasi ambayo mama yake aliweka kidole gumba. Wiki iliyofuata alikuja na karatasi. Ilikuwa ya Kiswahili, alhamdulillah, na kifungu cha kifo cha ng'ombe kilikuwamo.

Kukopa mnyama na kurudisha mnyama si jambo geni katika dini yetu. Abu Rafi (R.A.) amesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) alikopa kwa mtu ngamia kijana, na ngamia wa sadaka walipokuja akamwamuru Abu Rafi alipe. Abu Rafi akarudi akasema hakuona ila ngamia bora zaidi, mkubwa. Mtume akamwambia ampe huyo huyo, na akaeleza kuwa wabora wa watu ni wale walio wazuri katika kulipa. Kwa kisa hiki Shafi, Malik na Ahmad wameruhusu kukopeshana wanyama. Abu Hanifa hakuruhusu. Nyongeza ile haikuwa riba kwa sababu haikushurutishwa mwanzo, aliyekopa aliitoa mwenyewe wakati wa kulipa.

Nadaiwa, namdai, I owe

Hapa kuna kitenzi cha tatu ambacho ni lazima tukiguse, maana "borrow" hakikai peke yake. Ni "owe". Wanafunzi wangu wakiombwa kutafsiri "namdai Hassan elfu tano" huandika "I am demanding Hassan five thousand", na "nadaiwa" huandika "I am demanded". Mwingereza hasemi hivyo. Anasema "Hassan owes me five thousand", na "I owe".

Tazama ni nani anayetenda. Katika Kiswahili anayetenda ni mwenye haki, anadai. Mwenye deni ametulia katika kauli ya kutendwa, anadaiwa. Lugha inamchora kama mtu anayefuatwa. Na kwa bahati mbaya tabia zetu nazo zimefuata lugha. Mtu akiacha kutudai tunajihisi hatudaiwi tena. "Mbona hajaniuliza?" Miaka inapita, mwenye fedha ana haya, na mwenye deni anampita sokoni Mbuyuni akimsalimia kwa bashasha. Kiingereza katika hili kimekaa vizuri zaidi, nakubali. "I owe" ni kauli ya kutenda. Mwenye deni ndiye mtendaji wa sentensi, awe amedaiwa au hakudaiwa, deni ni sifa yake asubuhi hadi jioni. Fiqhi nayo inasema hivyo hivyo: deni liko katika dhima ya mtu, halitegemei sauti ya mwenye kudai. Tumesoma wote kisa cha maiti aliyeletwa kwa Mtume (S.A.W.) akiwa na deni la dinari tatu, hakuacha kitu cha kulilipa. Mtume akawaambia masahaba wamswalie wao. Hapo Abu Qatada akasema deni lile ni juu yake, ndipo Mtume akamswalia. Maiti yule hakuna aliyekuwa akimdai pale kwenye jeneza.

Na Abu Qatada ndiye anayetuleta kwenye mzizi wa neno letu. "Borrow" linatokana na neno la Kiingereza cha kale, "borg", lililokuwa na maana ya dhamana au rehani. Katika mzizi wake, kukopa kwa Mwingereza kulikuwa kuchukua kitu kwa dhamana. Maana ile ya dhamana imekufa katika kitenzi, lakini katika mikataba imerudi kwa mlango mwingine, na jina lake leo ni "guarantor".

Karatasi ya mzee

Baada ya swala ya Isha siku moja mzee mmoja wa mtaani kwetu alinitolea bahasha. Mpwa wake, muuza mitumba pale soko la Memorial, alitaka fedha kutoka taasisi moja ya mikopo ili aongeze mzigo, na mzee ameombwa awe mdhamini. Karatasi zilikuwa kurasa nne za Kiingereza. Mzee alishamwita mjukuu wake wa kidato cha pili amsomee, na mjukuu kwa moyo safi akamwambia kuwa "the Borrower" ni anayeazima, yaani mwenye kutoa fedha, na "the Lender" ni anayepokea. Msomaji unaona "borrow me" ya darasani imefika wapi. Mzee akaniambia, "Ustadh, hawa watu ni wazuri, wameandika gharama zote atalipa Borrower." Nikamwambia, "Mzee wangu, Borrower ni mwanao."

Tukakaa msikitini tukaanza upya, mstari kwa mstari, kila "Borrower" nikiisoma mkopaji na kila "Lender" nikiisoma mkopeshaji. Karatasi ikageuka sura. Yule aliyeruhusiwa kuuza mali iliyowekwa dhamana hakuwa mzee wala mpwa. Tulipofika kwa mdhamini tukakuta maneno "jointly and severally". Maana yake ni kwamba mkopaji na mdhamini wanadaiwa kwa pamoja na pia kila mmoja peke yake deni zima. Mzee alikuwa amefikiri kwamba atafuatwa pale tu mpwa wake akishindwa kabisa. Hapana. Mkopeshaji ana hiari ya kumwanza yeye. Na asidhani Kiingereza kimemwonea, maana katika kafala ya fiqhi jamhuri ya wanazuoni wamesema vivyo hivyo, mwenye haki anaweza kumdai aliyedhaminiwa au mdhamini.

Jambo la pili nililomwambia lilikuwa zito zaidi. Mkataba ule ulikuwa na riba kwa mwezi. Hadithi iliyomo katika Sahih Muslim imemlaani mwenye kula riba, mwenye kuilisha, mwandishi wake na mashahidi wake wawili, ikasema wote ni sawa. Mdhamini hakutajwa kwa jina, lakini kama shahidi anaingia, mdhamini atapita wapi?

Mzee hakutia saini. Mpwa naye hakukosa mzigo. Alikwenda kwa mfanyabiashara wa jumla anayefahamiana naye akachukua marobota mawili kwa mali kauli, bei ikatajwa, siku ya kulipa ikatajwa. Huku si kukopa fedha. Ni kununua kwa deni, biashara halali yenye bei na muda, na kwa Kiingereza usiseme "I borrowed two bales", sema "I bought two bales on credit". Mfanyabiashara akiongeza bei kidogo kwa sababu analipwa baadaye, wanazuoni wengi hawaoni tatizo, ilimradi bei iwe moja, imekubaliwa siku ile ile, wala isiongezeke malipo yakichelewa. Msingi wa murabaha katika benki za Kiislamu ni huu huu. Amana Bank ilipoanza mwaka 2011 watu walizoea kuuliza, "Huko mikopo yao ikoje?" Swali lenyewe lina kitenzi kisicho chake. Katika murabaha benki inanunua bidhaa, inaimiliki, inakuuzia kwa faida inayojulikana. Mteja akiona katika fomu neno "borrow" mahali panapostahili "purchase", ana haki ya kusimama na kuuliza ni lini benki iliimiliki bidhaa hiyo.

Upo pia mtindo wa siku hizi wa kuficha kitenzi chenyewe. Simu inakuambia Songesha. Inakuambia Timiza. Inakuambia Nipige Tafu. Maneno matamu ya Kiswahili, na hakuna hata moja lenye kukopa ndani yake. Kinachorudi zaidi ya ulichochukua hakiitwi riba, kinaitwa ada. Mtu mzima, mwenye swala zake tano, anasongesha mara nne kwa wiki na ukimuuliza kama ana mkopo anaapa hana. Afadhali watu wa mtaani walioipa mikopo ya riba kubwa jina la "kausha damu". Angalau jina hilo halimdanganyi mtu.

Sasa turudi katika Qur'an, kwa sababu aya ndefu kuliko zote ni ya deni, aya ya 282 ya Suratul Baqara. Tunaisoma sana kwa ajili ya amri ya kuandika na ya mashahidi wawili. Kuna jambo moja ndani yake tunalolipita haraka. Mwenyezi Mungu (S.W.) ameamrisha kwamba anayeisomesha karatasi iandikwe, anayemtajia mwandishi maneno, awe ni yule mwenye deni juu yake. Siyo mkopeshaji. Na kama mwenye deni hana uwezo wa kutaja mwenyewe, basi walii wake ataje kwa uadilifu.

Fikiria maana yake. Mtu hawezi kusomesha maneno ya lugha asiyoijua. Akitaja deni kwa kinywa chake ameshaelewa kiasi, muda na masharti, na hawezi kusema kesho kuwa hakujua. Mikataba yetu imepinduliwa. Mkopeshaji ndiye anayetunga, kwa lugha anayoitaka, na mkopaji anaoneshwa mahali pa kuweka saini. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa hapa Tanzania na Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya mahakama. Hilo ni jambo la kushukuru. Lakini karatasi binafsi bado mwenye nayo huiandika atakavyo mpaka mtu aseme, "Naomba ya Kiswahili." Hapa Moshi tusione haya kusema hivyo. Huu ndio mji ambao wakulima wa kahawa waliunda chama chao mwaka 1925 na muungano wao wa ushirika, KNCU, mwaka 1933, na ndipo Chuo cha Ushirika kilipoanzishwa mwaka 1963 na kuwa chuo kikuu mwaka 2014. Watu wa mlima huu wamepimiana, wameandikiana na wamelipana kwa karatasi muda mrefu.

Vijana wanaokwenda vyuo vikuu nao wasome fomu zao hivyo hivyo. Tangu Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ianzishwe kwa sheria ya mwaka 2004, wengi tuliosoma tumepitia huko. Wengi tuliita fedha ile "boom", kana kwamba imelipuka kutoka mbinguni, na mwajiri alipoanza kukata asilimia 15 ya mshahara ndipo tulipokumbuka jina lake halisi ni mkopo. Kwa Muislamu lilikuwapo na swali la ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, ambayo iliwatia wengi mashaka mpaka ilipofutwa mwaka 2021.

Darasani kwangu kila mwanafunzi huwa ana ukurasa wa nyuma wa daftari lenye safu tatu, kwa Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Safu ya kwanza ni nadaiwa, "I owe". Ya pili ni nawadai, "they owe me". Hizi mbili hujaa haraka, hata kwa mtoto wa miaka kumi na sita: mia mbili za maandazi, elfu moja ya nauli ya daladala. Safu ya tatu ni nilivyoazima, "things I have borrowed", na hii huwa tupu mpaka niwaambie waende nyumbani wakatazame chini ya vitanda na nyuma ya milango. Wakirudi wameandika sepetu ya jirani, beseni la shangazi, msahafu wa madrasa, mwavuli wenye jina la mtu mwingine. Suratul Ma'un, ambayo wote wanaihifadhi, imewataja kwa ubaya wenye kuzuia vyombo kama hivyo. Masahaba kama Ibn Mas'ud waliufasiri ma'un kwa mfano wa sufuria, ndoo na shoka. Mwaka jana mmoja aliandika katika safu ya tatu: "Ngazi, ya msikiti, tangu Ramadhani." Ilirudi Jumamosi.